Namna ya Kupika Kila Kitu Nyumbani Bila Kulowesha Mikono

Mwongozo huu ni wa baba mwenye nyumba aliyerudi kazini jioni, akafungua simu, akamwona mtu wa nchi za mbali mwenye jiko safi kuliko zahanati akitengeneza siagi, jibini na mkate kwa dakika tatu, na moyo ukamjaa. Tangu hapo hataki kuona kopo. Hataki pakiti. Anataka chakula cha asili, cha kutengenezwa kwa mikono, na anakitaka mezani kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Ndugu yetu, hujakosea. Chakula cha kujitengenezea ni kitamu, na unajua kilichomo. Kazi yetu hapa ni kukusaidia ukipate bila kupoteza nafasi yako kwenye kochi.

Vifaa vinavyohitajika

Mbuzi ya nazi, kifumbu, kinu na mchi, ungo, chujio, sufuria nzito moja ya kupikia na nyingine mbili za kuunguza, kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia, blenda, na chupa za kioo zenye vifuniko. Vingi kati ya hivi vimo nyumbani mwako tayari. Hujawahi kuviona kwa sababu viko jikoni.

Kifaa cha mwisho, ambacho video hazikitaji, ni mtu. Chagua mwenye mgongo imara na asiyelipwa kwa saa. Ukijaliwa kuwa na mke, dada wa kazi na mama mkwe aliyekuja kusalimia, wote kwa wakati mmoja, basi hiyo si nyumba tena, ni kiwanda.

Hatua ya 1: Tangaza

Asiyejua huanza kwa kupika. Wewe anza kwa tangazo. Wakati mzuri ni Jumapili baada ya chakula cha mchana, watu wameshiba na hawana nguvu za kubisha. Safisha koo, kisha useme:

"Mama Neema, kuanzia wiki hii nyumba hii hainunui tena vitu vya viwandani. Kila kitu tutatengeneza wenyewe."

Mama Neema atakuuliza kwa upole unaotisha, "Kila kitu, Baba Neema?"

"Kila kitu."

"Na nani?"

Swali hili limevunja mipango ya wanaume wengi. Lisikuyumbishe. Mjibu kwa historia: bibi yako alitwanga, alikuna, alipeta, na hakuwahi kulalamika. Usiseme kwamba ulikuwa mtoto wa miaka sita na malalamiko hayakuletwa kwako. Wala usiseme kwamba siku mashine ya kusaga ilipofika kijijini, bibi huyo huyo alikuwa mbele kwenye foleni na debe lake kichwani.

Hatua ya 2: Tui

Tui ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kazi yake inasikika hadi sebuleni na utajua kama inaendelea.

Sokoni, itikise nazi karibu na sikio. Maji yacheze ndani. Kagua yale macho matatu; yenye ukungu au unyevunyevu irudishe. Usimwachie muuzaji akupe koroma, kwani koroma halijakomaa na litakutolea maji meupe yenye jina la tui. Nyumbani, nazi inavunjwa, inakunwa bila kufikia ganda, kisha chicha zinatiwa maji ya uvuguvugu kidogo na kukamuliwa kwenye kifumbu. Linalotoka kwanza ni tui zito, ambalo Zanzibar wanaliita kasimile. Liwekwe pembeni. Chicha zirudishiwe maji, zikamuliwe tena na tena. Hilo ni tui jepesi.

Siri yote iko kwenye zamu. Tui jepesi ndilo linaloivisha mchuzi, samaki au maharage. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, sufuria ikiwa wazi na mwiko ukizunguka bila kupumzika. Likiachwa lichemke kwa fujo linakatika, na mchuzi unabaki chenga zinazoogelea kwenye mafuta.

Wajibu wako katika hatua hii ni kukaa mahali unapoweza kunusa. Tui likikatika, sema bila kunyanyua macho kwenye simu, "La bibi lilikuwa halikatiki."

Yawezekana mtu akakualika ukae mwenyewe kwenye mbuzi. Kataa kwa adabu, taja magoti. Ile ni kazi ya kukaa chini, miguu umeitanua, ukisukuma na kuvuta mbele ya ulimi wa chuma wenye meno, na ulimi ule haujui tofauti ya nazi na kidole. Nazi mbili za wali wa familia ni kama nusu saa hivi kwa mkono uliozoea. Kwa mkono wako ni hadi alasiri.

Machicha yaliyobaki ni chakula kizuri cha kuku. Huna kuku. Andika kwenye daftari: mwezi ujao, kufuga.

Hatua ya 3: Mtindi, halafu samli

Lazima tukuonye kuhusu mtindi: ni rahisi mno. Maziwa yanachemshwa, yanaachwa yapoe mpaka kidole kidogo kiweze kukaa ndani ukihesabu hadi kumi, yaani nyuzi joto 43 hadi 45 kwa wenye kipimajoto. Kwa kila lita koroga vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika, zungushia kanga au blanketi, weka mahali pasipotikiswa, nenda kalale. Maziwa yakiwa moto kupita kiasi, bakteria wanakufa. Yakiwa baridi, wanazubaa na asubuhi unakuta maziwa yale yale. Yakiwa sawa, utaamka umekuta mtindi umeganda na kijiko kinasimama.

Kazi ya mikono hapo ni robo saa. Iliyobaki wanaifanya bakteria usiku kucha, nao hawakuuliza "Na nani?" Kwa urahisi huo utashawishika kuufanya mwenyewe. Jizuie. Mwanamume akishagandisha mtindi mara moja, ataombwa na uji.

Badala yake, ruka moja kwa moja hadi samli, ambako kuna heshima. Hesabu zake ni hizi. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta ya takribani gramu 4 katika kila gramu 100. Kwa hiyo kilo moja ya siagi inataka lita 20 za maziwa au zaidi, na ukiichemsha siagi hiyo ili maji yakauke na masimbi yatue chini, samli utakayopata haifiki kilo. Wafugaji walitikisa vibuyu vyao kwa sababu ya maana kabisa: walikuwa na maziwa yaliyozidi midomo ya nyumbani na hawakuwa na friji, na samli iliyopikwa vizuri inakaa miezi bila kuharibika. Wewe una friji na huna ng'ombe. Usikubali jambo dogo hilo likukatishe tamaa. Agiza lita 20.

Hatua ya 4: Nyanya na pilipili

Msimu nyanya zinapofurika na malori kutoka Ilula yanashusha matenga, bei inashuka hadi mtu anaona aibu kununua kopo. Nunua tenga zima. Likifika mlangoni, liweke katikati ya jiko, pigapiga mikono kuondoa vumbi, useme, "Hizi zitatutosha mwaka."

Hazitatosha. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kutengeneza sosi ni kununua gesi ya kuyafukuza maji hayo. Zinaoshwa, zinamenywa kwa kuchovywa kwenye maji ya moto, zinasagwa, zinachemshwa saa nyingi huku zikiruka na kuchoma mikono, na tenga lililokuja na watu wawili linaondoka kwa mkono mmoja, limekuwa chupa chache. Chupa zichemshwe kabla ya kujazwa, sosi ikamuliwe ndimu, na ikae kwenye friji, si kabatini. Zile nyanya zilizokuwa chini ya tenga, zilizopondeka njiani, ziamuliwe siku hiyo hiyo kabla hazijaamua zenyewe.

Pilipili ya kusaga ni kazi ndogo yenye kumbukumbu ndefu. Pilipili mbuzi, kitunguu saumu, chumvi, siki au ukwaju. Saga, chemsha kidogo, tia kwenye chupa. Aliyekata pilipili asiguse jicho lake wala la mtoto. Ukali wa pilipili hauondoki kwa maji, unaondoka kwa mafuta: mikono ipakwe mafuta ya kula kwanza, ndipo ioshwe kwa sabuni. Na mdomoni dawa ni maziwa au mtindi.

Kazi yako ni kuonja. Chota kijiko kizima mbele ya watu, kisha upige kelele, "Maji! Leteni maji!" Maji hayatasaidia, lakini nyumba nzima itajua kwamba nawe umeshiriki.

Hatua ya 5: Karanga na unga

Hapa tupunguze mzaha kidogo. Siagi ya karanga inaanza kwa kuchagua. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zinatupwa. Hazipewi kuku, hazipewi dada, hazifichwi kwenye kashata. Kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri wanatoa sumukuvu, ambayo haina ladha ya kukuonya wala harufu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo yule aliyeinamia ungo akitoa karanga moja moja, ambaye umemwuliza mara mbili kwa nini anachelewa, ndiye mlinzi wa afya yako.

Zilizobaki zinakaangwa, zinapukutwa maganda, zinapetwa, zinasagwa kwenye blenda kwa awamu, ikipumzishwa isiungue. Blenda inapumzishwa kwa kuwa ni ya bei.

Kuhusu unga, umeshasikia kwamba dona lina virutubisho kuliko sembe, kwa sababu kiini na pumba havijaondolewa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba huko kwenye kiini na pumba ndiko sumukuvu hujazana, kwa hiyo dona zuri linategemea mahindi makavu na safi kuliko linavyotegemea hotuba yako. Yachaguliwe, yaoshwe, yaanikwe juani, yapelekwe mashine ya mtaani.

Ukisisitiza yatwangwe nyumbani ili mila isipotee, tunakubali, ila uanze wewe kwa mfano. Shika mchi. Kinu kina uwezo wa ajabu wa kumfanya mwanamume aione teknolojia kuwa jambo jema ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 6: Chapati

Chapati ndiyo hatua ya kuonekana na watu, hivyo ipangwe siku ya wageni. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu. Kanda mpaka donge liache kunata mikononi. Lifunike, lipumzike nusu saa ili ule mvuto wa ngano ulegee, la sivyo kila ukisukuma chapati inajirudi. Kata madonge, sukuma, paka mafuta, kunja, viringisha. Yapumzike tena. Sukuma upya, ndipo yaende kwenye kikaango cha moto wa wastani. Moto mdogo unazikausha, mkubwa unaziunguza nje na ndani ni mbichi.

Chapati 20 kwa utaratibu huo ni kusukuma mara 40. Ukifuatilia vizuri utaona kwamba katika shughuli nzima donge limepumzika mara mbili. Hakuna mwingine aliyepumzika.

Ingia na wageni zikiwa za moto. Chukua ya juu kabisa, ichanike mbele yao ili matabaka yaonekane, useme, "Sisi hapa hatununui." Piga picha, iweke kwenye kundi la ukoo. Shangazi zako watakusifu sana. Mama Neema naye yumo kwenye kundi hilo, atasoma, na hataandika kitu. Ukimya huo usiufasiri kuwa furaha.

Hatua ya 7: Jua pa kuishia

Kuna wenye bidii ambao, wakishafika hapa, wanaitazama bahari na kuanza kuwaza chumvi. Kitaalamu inawezekana. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kama gramu 35, na Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini chumvi ya dukani ina kitu ambacho ya kwako haitakuwa nacho: madini joto, yanayowekwa kwa matakwa ya kanuni za nchi tangu miaka ya 1990. Kabla ya hapo, rovu shingoni halikuwa ajabu, hasa nyanda za juu. Ukirudi kwenye historia ya bibi, mwulize pia kuhusu majirani zake.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya faida

Mwisho wa mwezi, leta daftari mezani. Upande mmoja andika bei ya dukani, upande wa pili gharama ya nyumbani. Kwenye gharama weka nazi, maziwa, nyanya, na gesi kama unakumbuka nani alinunua mtungi. Toa. Utaona umeokoa fedha, uwatangazie.

Usiandike saa. Tunarudia: usiandike saa. Daftari zuri kabisa linaweza kuharibiwa na safu moja tu. Chukua ile nusu saa ya kukuna nazi. Mara mbili kwa wiki ni saa 52 kwa mwaka. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba yako anayefanya zaidi ya wiki moja nzima ya ajira, kila mwaka, akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa ajili ya wali peke yake. Bado hujagusa chapati. Bado hujamfikia aliyekesha na tenga la nyanya. Ukiweka hata mshahara mdogo kwenye safu hiyo, chakula chako cha bei rahisi kinakuwa ghali kuliko cha hoteli, na kinacholeta nafuu kwenye daftari ni jambo moja tu: kuna mtu hajalipwa.

Ukifika hapo, funga daftari. Au lifungue vizuri, usome maswali yafuatayo.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Mama Neema amekwenda kwao kusalimia na dada yuko likizo. Mpango uendelee vipi?*

Duka la Mangi liko wazi hadi saa nne usiku. Nunua mkate. Pakiti yake itupe kwenye pipa la jirani.

*Naweza kumfundisha kijana wangu wa kiume?*

Fikiri mara mbili. Mtoto wa kiume akishajua kukuna nazi na kusukuma chapati, atakua akijua kazi inachukua muda gani. Watu wa namna hiyo hawawezi kutoa matangazo ya Jumapili.

*Basi niambieni ukweli, kipi kinafaa kutengenezwa nyumbani?*

Mtindi, kila wiki, tena uugandishe wewe. Bizari ya pilau: kaanga kidogo binzari nyembamba, pilipili manga, karafuu, iliki na mdalasini, saga, tia kwenye chupa inayofunga; ni dakika kumi, na harufu yake hakuna pakiti itakayoifikia. Pilipili ya chupa, msimu wa pilipili. Maharage, ukikumbuka mwenyewe kuyaloweka usiku. Chapati, kukiwa na mikono minne kwenye kibao. Samli nunua kwa mfugaji, unga peleka mashine, chumvi iache dukani.

*Na tui?*

La kukuna lina ladha yake, hasa siku ya sikukuu, na hatutakudanganya kwamba la pakiti linalingana nalo. Lina sharti moja tu: aliyetangaza ndiye anayekaa kwenye mbuzi.

*Na magoti yangu je?*

Dukani kwa Mangi kuna tui la pakiti.